Anayelazimisha bima ana deni

Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni asiye mkazi hashuki Unguja wala Pemba bila bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, hata kama ametoka kwao na bima nyingine mkononi. Iwapo ada hiyo ilistahili kuwekwa au la, kisheria mjadala huo umefungwa. Mjadala ambao haujafunguliwa ipasavyo ni wa kile ambacho Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inadaiwa kwa sababu ya kuiweka, na gazeti hili halioni sababu ya kuendelea kuuahirisha.

Haki itendeke kwanza kwa waliotunga utaratibu huu, maana hawakukosa hoja. Visiwa vilivyopokea wageni zaidi ya laki saba katika mwaka 2024 peke yake haviwezi kuacha kila ajali iamuliwe na ukarimu wa mwenye hoteli au huruma ya daktari wa zamu. Mgeni anayevunjika nyonga Nungwi anahitaji gari la wagonjwa la kumfikisha mjini, anahitaji damu na chumba cha upasuaji, na pengine anahitaji ndege ya kumpeleka Dar es Salaam, Nairobi au kwao. Vyote hivyo vina mlipaji, na asipolipa yeye italipa hospitali ya umma ambayo vitendanishi na dawa zake vilinunuliwa kwa ajili ya mama wa Mkokotoni na mtoto wa Donge. Wapo wageni wengi, hasa vijana wanaosafiri kwa akiba ndogo, ambao bila kulazimishwa hawangekata bima kamwe, nao ndio hao hao wanaopanda vespa siku ya kwanza na kuzamia siku ya pili. Serikali inayowaangalia wakija bila kinga yoyote, kisha ikawabebesha wananchi gharama, haiwezi kusema imewatendea wema wananchi hao.

Upande wa pili nao una hoja ambazo hazijibiwi kwa kukunja uso. Mgeni aliyekwisha kulipia bima kwao analipa mara mbili kwa hatari ile ile. Mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, ambaye mteja wake huhesabu kila senti, anaumizwa na dola 44 kuliko hoteli inayotoza mamia ya dola kwa usiku mmoja. Familia ya watu watano inayokuja kwa siku nne inalipia kinga ya siku 92 isiyoihitaji. Na juu ya yote hayo, mnunuzi amenyimwa ile silaha moja ambayo kila mteja duniani anayo dhidi ya huduma mbovu, nayo ni kuondoka na kwenda kwa muuzaji mwingine.

Tukizipima hoja hizi pande zote mbili, tunasema dola inayo haki ya kuweka sharti la namna hii mlangoni mwake. Lakini hoja ile ya mwisho, ya mnunuzi asiye na pa kwenda, haiishi kwa serikali kuwa na haki. Pesa inayotolewa kwa hiari ni biashara, na mfanyabiashara akishaleta bidhaa yake haulizwi faida yake amefanyia nini. Pesa inayotolewa kwa amri ya serikali, kwa shirika la serikali, bila mshindani, ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mgeni hana mbunge wala mwakilishi wa kumuulizia. Wanaopaswa kuuliza ni Baraza la Wawakilishi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar, na vyombo vya habari, gazeti hili likiwemo.

Maswali yenyewe hayana ugumu. Ni madai mangapi yamefikishwa tangu utaratibu uanze, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani? Mgonjwa husubiri muda gani tangu hospitali ipige simu hadi dhamana ya malipo itoke? Majibu ya maswali haya si siri ya biashara, kwa sababu hapa hakuna mshindani wa kufichwa. Tunaongeza sharti jingine ambalo ofisini linaweza kuonekana dogo: masharti ya bima yaandikwe kwa lugha ambayo mtu aliyeumia anaweza kuisoma, na kati ya wageni wa Zanzibar wamo Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Wapolandi wengi ambao Kiingereza si chao. Yaandikwe kwa Kiswahili pia, kwa sababu saa nane za usiku anayeanza kushughulikia dai si wakili. Ni mhudumu wa mapokezi wa hoteli au muuguzi wa hospitali ya Kivunge.

Hata hivyo, hesabu zikiwa safi kupita kiasi, bado tutakuwa tumezungumzia nusu ndogo ya jambo. Bima huja baada ya msiba. Haimzuii nahodha kung'oa nanga, haizibi ufa wa mashua, haimwambii mgeni kwamba maji yanajaa nyuma yake. Hofu yetu kubwa ni kwamba kuwepo kwa bima kutazifanya mamlaka zijione zimekwisha kutimiza wajibu, ilhali wajibu wa kwanza wa dola kwa mtu aliye katika maji yake ni kwamba asizame.

Visiwa hivi havihitaji kufundishwa bahari inavyoua. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita mno uwezo wake. Miili zaidi ya mia mbili iliopolewa, na wengine wengi mno hawakuonekana tena. Kabla mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe katikati ya upepo wa kusi. Tume ziliundwa, ripoti zikaandikwa, watu wakafikishwa mahakamani. Kila aliyezika, na kila asiyepata hata wa kumzika, aliahidiwa kwamba kupakia kupita kiasi na kusafiri katika hali mbaya ya hewa vimefika mwisho.

Kwa meli kubwa ahadi hiyo ina walinzi wake. Boti zinazoondoka bandari ya Malindi zinajulikana, abiria wake huandikwa, na ukaguzi wake una ratiba. Wasiwasi wetu uko kwa vyombo vidogo: mashua na boti za faiba zinazopeleka wageni fungu la Nakupenda, zinazowakimbiza pomboo Kizimkazi, zinazozunguka Mnemba asubuhi hadi mchana. Hapo mkataba mara nyingi ni wa maneno kati ya mgeni na papasi, yaani dalali wa watalii, aliyekutana naye ufukweni, na nahodha huenda hata hajui idadi ya watu wake hadi wamekwisha kupanda. Jaketi okozi lililofungwa chini ya benchi halimfai mtu, na jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka mitano. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ina nguvu za kisheria za kusimamisha chombo kisichofaa. Nguvu hizo zitumike ufukweni, alfajiri, pale vyombo vinapoondokea, kwa sababu karatasi ya leseni iliyoko ofisini mjini haioni nani amepanda.

Hapa lipo jambo linalosahauliwa na wanaowalaumu manahodha peke yao. Kusi inapovuma kwa nguvu na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa tahadhari ya mawimbi, nahodha mwadilifu hukataa kutoka. Jirani yake asiye mwadilifu hutoka, na jioni huyo ndiye mwenye unga nyumbani. Tukiiacha tahadhari ibaki kuwa ushauri, tutakuwa tumemwadhibu mwema kila siku ya upepo, mpaka naye ashindwe na njaa ya wanawe. Tahadhari ya kiwango cha juu ikitolewa, kutoka kuwe marufuku kwa wote, kwa tangazo moja linalofika Nungwi, Matemwe, Michamvi na Kizimkazi kwa wakati mmoja, na atakayevunja apoteze leseni. Amri ya namna hiyo humlinda nahodha mwema kabla haijamlinda mgeni.

Pwani ya mashariki ina hatari yake yenyewe, isiyo na kelele. Paje na Jambiani maji yakipwa, hasa nyakati za bamvua, huenda mbali mno, na mgeni aliyezoea bahari isiyosogea hutembea hadi karibu na mwamba akipiga picha. Wanawake wanaolima mwani wanajua saa ya kurudi bila kutazama saa. Yeye hajui, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Ratiba ya kupwa na kujaa kwa maji ubaoni mwa kila hoteli, na mlinzi wa ufukwe aliyefunzwa kuokoa, ni gharama ndogo mno kwa biashara inayouza bahari. Kamisheni ya Utalii iyafanye haya kuwa sharti la leseni, pamoja na vizima moto na njia za kutokea katika majengo yaliyoezekwa makuti.

Mgeni naye si mtoto. Anayeendesha vespa bila leseni inayotambulika, akiwa kifua wazi na bila kofia ngumu, au anayeingia baharini akiwa amelewa, ajue kwamba mikataba mingi ya bima ya safari duniani huwaondoa watu wa aina hiyo katika fidia, na ni haki. Lakini anayemkodisha pikipiki bila kuuliza leseni ni mshiriki wa kosa, na trafiki anayemsimamisha kisha akamwachia kwa njia zisizo na risiti ni mkosaji kuliko wote wawili.

Tumesema mengi juu ya mgeni. Ndani ya mashua ile ile yumo pia nahodha, yumo na baharia wake, kijana wa Mangapwani au wa Mkoani. Ikipinduka, mgeni ana cheti cha dola 44 na haki ya kusafirishwa kwa matibabu, na baharia hana chochote ila jamaa zake watakaochangishana. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza mwaka 2023 kwa watumishi wa umma, na kwa watu wa mikono na bahari safari yake bado ni ndefu. Hatukubali kwamba katika chombo kimoja, juu ya maji yale yale, uhai uwe na madaraja mawili kwa mujibu wa pasipoti. Hatusemi mgeni apunguziwe kinga. Tunasema leseni ya kubeba watalii isitolewe kwa chombo ambacho mabaharia wake hawana bima ya ajali, na kwamba Shirika la Bima la Zanzibar, mali ya umma tangu 1969, liandae bima hiyo kwa bei ambayo mwenye ngalawa anaimudu.

Pesa za kufanya hivyo zinaanzia hapo hapo. Shirika ni la serikali, na faida yake ni ya serikali. Sehemu inayojulikana ya faida itokanayo na bima ya wageni itengwe kwa sheria, si kwa hisani ya mwaka hadi mwaka, iende kwenye uokozi: boti za Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo (KMKM) zenye mafuta na waokoaji wa zamu Nungwi, Kizimkazi na Mkoani, magari ya wagonjwa katika hospitali za wilaya zilizojengwa baada ya janga la UVIKO-19, na mafunzo ya manahodha. Boti ya uokozi haiulizi anayezama kama ana cheti. Atanusurika Mjerumani, na mvuvi wa Tumbatu naye atanusurika.

Wapo watakaosema madai haya yatawatisha wageni, na kwamba kuandika juu ya kuzama ni kuharibu soko. Hoja hiyo tulishaisikia kabla ya 2011. Utalii unaochangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar haulindwi kwa ukimya, na wizara zinazohusika zinajua hivyo.

Kwa hiyo tunaitaka wizara yenye dhamana ya fedha iwasilishe mbele ya Baraza la Wawakilishi, katika kikao kijacho cha bajeti, hesabu zilizokaguliwa za bima hii tangu siku ya kwanza: makusanyo, madai, malipo, yaliyokataliwa, faida, na kila shilingi ya faida hiyo ilikokwenda. Nakala yake ibandikwe bandarini Malindi na katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, kwenye dirisha lile lile ambapo mgeni hutakiwa kuonesha cheti chake.