Kesi Si Maisha

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma humu, leo nina neno na halitawafurahisha wote.

Hapa Nyarugusu ukimuuliza kijana maisha yanaendaje, hakwambii habari za kazi wala masomo. Anakwambia kesi yake imefika wapi. "Nimemaliza intavyu ya pili." "Nasubiri vipimo." Asiye na kesi anacheka tu na kuangalia chini, kama mtu aliyefeli mtihani ambao hakuwahi kuitwa kuufanya. Ndo kipimo chetu cha mafanikio sasa: aliyeondoka amefaulu, aliyebaki bado. Mimi nasema kipimo hicho ni cha uongo, na kimetuharibu.

Tuanze na hesabu. UNHCR wenyewe wanasema miaka yote kwamba wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Yaani kwenye watu mia, hata mmoja hatimii. Kambi hii ilifunguliwa 1996. Wapo waliovuka ziwa wamebebwa mgongoni, leo wana watoto wanaosoma. Miaka yote hiyo haikuwa maisha? Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wameshauza magodoro na baiskeli wakaanza kuazima sufuria kwa majirani walewale waliokuwa wameacha kuwasalimia. Na majirani wakawapa.

Lakini kinachoniuma zaidi si sufuria. Ni ndoa. Kila mtu humu anajua: faili likishafunguliwa, kuongeza mtu kunalichelewesha. Ukioa, ukizaa, inabidi wahakiki upya. Basi tumejifunza kuficha. Msichana anamwambia mwenzake, "Usije kwetu kwanza, utaniharibia kesi." Kijana ana mtoto bloki ya pili, lakini kwenye faili yeye ni singo, na mtoto kaandikishwa kwa babu yake. Na wazazi, ambao ndo wangetakiwa kuitisha kikao cha familia na kudai mahari, ndo hao hao wanaotoa ushauri huo! Anayeondoka anaapa kwamba akifika atamwita mwenzake. Wengine wanajaribu kweli. Lakini mtu uliyesema kwa mdomo wako mbele ya ofisa kwamba hayupo, utamwita kwa jina gani?

Hapo mtaniambia, "Wewe hujui tulichokimbia." Nakijua, kimekula watu wa kwetu pia. Wapo wanaotakiwa kuondoka hata leo: mgonjwa ambaye hapa hatibiki, mama anayewindwa mpaka ndani ya kambi. Hao waende, na Mungu awatangulie. Nagombana na sisi wengine, wazima wa miguu na mikono, tunaoshinda tunachaji simu kwenye sola ya watu na kuangalia picha za wenzetu waliosimama pembeni ya gari kwenye theluji. Picha haisemi gari ni la mkopo.

Rafiki yangu mmoja aliyeko huko anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama. Ananipigia akitoka zamu, na Marekani hataki kuiongelea. Anauliza kwaya inaimba nini Pasaka, nani kamfunga nani kwenye mechi za kambi, na kama likelemba ya mama yangu bado inazunguka. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta hamjui jina. Sisemi anajuta. Anawatumia wadogo zake pesa ya nguo na dawa, na hilo si dogo. Ila anayoyaulizia ndo yaleyale ambayo sisi huku tunayaita kupoteza muda.

Na ninyi wa mashirika msidhani mmepona. Mnatuita ukumbini, mnatufundisha ujasiriamali siku tatu, soda na cheti. Siku ya nne tunarudi kwenye kambi ambayo kutoka bila kibali ni kosa, na mteja wa hiyo sabuni mliyotufundisha kutengeneza yuko ng'ambo ya geti. Kisha tunasikia kwenye kikao kwamba vijana hawana ari. Mimi vyeti ninavyo tisa, nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni visiloane. Mkikaa na wakubwa wenu na serikali, ombeni ruhusa ya sisi kufanya kazi kabla hamjaomba hela ya semina ya kumi. Na acheni kutuuliza "ndoto yako ni nini?" huku mmeshika fomu. Mtu anajua jibu linalotakiwa, atasema Kanada.

Najua na swali litakalofuata hapa chini: "Wewe ukiitwa kesho utakataa?" Sitakataa, mimi si mjinga, basi nitapanda. Lakini mpaka siku hiyo naendelea kubeba wagonjwa kuwapeleka hospitali, likelemba nalipa, na nyumba ya bibi wa jirani iliyoezuliwa na upepo nitaenda kuiezeka pamoja na yeyote atakayekuja. Na kama nitakuwa nimeoa, jina la mke wangu litakuwemo kwenye fomu, hata faili likae miaka miwili kwenye kabati.