Chura, Nyuki na Mbu wa Bagamoyo



Wapendwa wanaparokia, wiki hii baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja kutoka kigango cha mwambao wa Ziwa Nyasa aliniuliza: “Baba Paroko, ni kweli kwamba huko Bagamoyo wanatengeneza mbu? Wakiletwa kwetu itakuwaje?” Swali lake linastahili jibu la heshima. Yeye na wanawe hulala karibu na maji, mahali ambapo malaria ni mgeni anayerudi kila masika bila kualikwa.

Ni kweli. Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakishirikiana na Chuo cha Imperial cha London, wametengeneza mbu hao katika maabara iliyofungwa, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature Desemba 2025. Mbu hao wamepewa jeni mbili zisizo zao: moja asili yake ni chura wa Afrika, nyingine ni sumu ya nyuki. Mbu anapokunywa damu, jeni hizo hutoa tumboni mwake protini zinazochelewesha kukua kwa vimelea vya malaria. Wataalamu walivijaribu vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa hapa nchini, navyo vilidumaa.

Jeni ngeni huingiaje? Hudungwa ndani ya yai changa la mbu kwa sindano nyembamba mno, na mara nyingi haishiki. Ikishika katika chembe za bawa au mguu tu, itakufa pamoja na mbu huyo. Ikishika katika chembe zitakazozaa mayai au mbegu, hapo ndipo inakuwa urithi.

Tangu hapo hufuata kanuni aliyoigundua padre mwenzetu, Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri na kutangaza matokeo yake mwaka 1865. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya urithi wake. Hivyo jeni iliyo katika kromosomu moja tu ya mzazi hufika kwa nusu ya watoto, na isipomfaa mbu hufifia kadiri vizazi vinavyopita.

Ipo mbinu ya pili. Jeni huongezewa kifaa kinachoikata kromosomu ya pili mahali palepale, na chembe inapoliziba jeraha hilo hunakili jeni ngeni. Basi karibu watoto wote huirithi, na wajukuu vivyo hivyo. Mbu wa Bagamoyo wameandaliwa ili waweze kuipokea mbinu hiyo. Hawajaachiliwa nje.

Mimi siogopi chura ndani ya mbu. Akili ya kutafuta dawa ni karama ya Mungu, na nimesimama mbele ya makaburi madogo mengi mno hata nisiweze kuwaambia wataalamu waache. Anayekataa utafiti naye ameamua, na gharama ya uamuzi wake hulipwa na watoto.

Lakini dawa isiyofaa huondolewa dukani. Jeni inayojinakili, ikishatoka, ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Tena mbu hapiti forodhani Mbamba Bay. Akipanda meli au mtumbwi, ndugu zetu wa Malawi na Msumbiji watampokea bila kuulizwa. Tunawaamulia wajukuu ambao bado hawajabatizwa.

Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si’ wa mwaka 2015, hakuhukumu kwa jumla viumbe waliobadilishwa jeni, bali alitaka mjadala mpana unaowahusisha wote watakaoguswa. Basi naomba kwamba siku jambo hili likifika kwetu, lifike kwanza kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na wananchi wawe na haki ya kusema ndiyo au hapana kabla kizimba hakijafunguliwa. Mkutano unaoitishwa baadaye ni tangazo tu.

Nasi tusijifiche nyuma ya wataalamu. Tunadai sauti juu ya mbu wa kesho, na wengine wetu tunavulia usipa kwa vyandarua vya leo.

Mama, mbu hao hawajafika. Wakitaka kuja, uwe umeulizwa. Usiku huu, wafungie watoto chandarua.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu