KARIAKOO UNAITWA 'BOSI' KABLA YA KULIPA TU, UKIRUDI NA SIMU MBOVU UNAITWA MSUMBUFU!

Kuna dada mmoja wa saluni maeneo ya Sinza, kazi yake kusuka na kubandika kucha. Alicheza mchezo na wenzake miezi kumi, zamu yake ilipofika akapokea 850,000 taslimu. Hakwenda kula bata. Alikwenda Kariakoo kununua simu ya macho matatu, used ya Dubai, kwa sababu wateja wake wote wanatoka Instagram. Picha ikiwa mbaya, kucha zinaonekana mbaya, mteja anaenda kwa mwingine. Kwake yeye simu ni kitendea kazi kama ilivyo cherehani kwa fundi nguo.

Kabla hata hajavuka Msimbazi, kijana kamshika mkono. "Dada mrembo, simu? Laptop? TV? Njoo kwa kaka yako, leo nakupa bei ya ndugu." Kaka gani? Ndugu wa wapi? Dada wa watu kapelekwa duka la kwanza, kapelekwa la pili, la tatu kaambiwa "subiri hapa bosi, nakuletea mpya kutoka stoo." Kijana katoka mbio, karudi na simu inang'aa, betri inasoma asilimia mia. Wenzake wawili wamesimama pembeni wanapigia chapuo: "Hiyo sister umeokota! Jana imeuzwa laki tisa hiyo!" Dada kalipa 850,000, kabandikiwa protekta, kavalishwa kava, kapigwa picha akiwa ameshika mfuko. Hiyo picha imewekwa kwenye ukurasa wa duka: "Asante mteja wetu kwa kutuamini."

Wiki ya pili simu ikaanza kuchemka kama pasi. Wiki ya tatu kioo kikachora mistari ya kijani. Dada karudi dukani na tabasamu, akijua ameambiwa waranti miezi sita. Jibu alilopewa? "Ulinunua kwa nani?" Kwa yule kaka. "Yule si mfanyakazi wetu, yule winga. Mtafute winga wako." Namba ya winga haipatikani. Akatoa risiti. Risiti imeandikwa 150,000!

Mtu ametoa laki nane na nusu, karatasi inasema laki moja na nusu.

Sasa hapa ndipo watu wa mjini wanapokosea. Stori kama hii ikisimuliwa, komenti tano za kwanza zote zinamcheka aliyepigwa. "Mshamba huyo." "Alikuja mjini na basi la jana." "Kariakoo haitaki watu wapole." Yaani aliyeibiwa ndiye mwenye kosa, na aliyeiba anasifiwa kuwa mjanja! Ujanja gani wa kumdanganya mtu aliyejibana miezi kumi? Kama kudanganya ndiyo ujanja, basi hata mwizi wa kuchomoa pochi kwenye mwendokasi naye apewe tuzo.

Ni vizuri watu waelewe mchezo wenyewe unavyochezwa. Winga hana duka. Hana mtaji, hana leseni, hana hata kiti cha kukaa. Kazi yake ni kukukamata barabarani, kukuingiza kwenye duka la mtu na kuweka cha juu. Duka linataka 700,000, yeye anakwambia 850,000, ile 150,000 ni yake. Ndiyo maana hataki uulize bei mwenyewe. Ndiyo maana anakuambia "usiongee na yule, ongea na mimi." Ndiyo maana ukisema unaenda kufikiria kwanza anakasirika, anakufuata hadi kituo cha daladala, na mwisho anakutupia neno: "Kama huna hela si useme!" Hilo neno lina kazi yake. Wanajua kijana wa mjini yuko radhi apoteze laki mbili kuliko aonekane hana hela mbele za watu. Wengi wamenunua simu kwa aibu, siyo kwa kupenda.

Watetezi wao wako tayari na jibu: "Muacheni kijana atafute ugali, ajira hakuna." Sawa, ajira ngumu, hilo hakuna anayebisha. Lakini bodaboda naye anatafuta ugali. Mama ntilie naye anatafuta ugali. Bodaboda hawezi kukubeba kwa nguvu kukupeleka Mbagala wakati unaenda Tegeta, halafu akikushusha aseme anatafuta riziki. Na wapo mawinga waaminifu, wanaosema wazi "mimi ni winga, duka linauza hivi, mimi utanipa elfu ishirini ya kukutembeza." Hao wana wateja wao wa kudumu, wanapigiwa simu mpaka kutoka Mwanza na Mbeya, wanatuma mzigo kwa basi na mzigo unafika. Kwa hiyo inawezekana kuwa winga bila kuwa tapeli. Anayedanganya amechagua kudanganya.

Ila winga ndiye mdogo kwenye huu mchezo. Mkubwa ni mwenye duka!

Mwenye duka anajua kila kitu. Anamwona winga anavyotaja bei, anakaa kimya. Anasikia "waranti miezi sita" inatajwa mbele ya kaunta yake, anakaa kimya. Hela inahesabiwa kwenye droo yake. Picha ya mteja inawekwa kwenye ukurasa wake. Simu ikiharibika ndiyo ghafla hamjui winga! Huwezi kumtumia mtu kama mkono wako wakati wa kupokea hela, halafu wakati wa tatizo useme huo mkono si wako. Kama winga si mtu wako, mzuie asiuze kwenye kaunta yako. Kama unamruhusu, beba na makosa yake.

Na huo mchezo wa risiti ni wa mwenye duka, si wa winga. Mashine ya EFD iko dukani. Utaambiwa: "Ukitaka risiti bei inapanda, bila risiti nakupunguzia." Au unapewa risiti ya hela ndogo, unaambiwa ni mambo ya TRA hayo wewe hayakuhusu. Yanakuhusu sana! Ile karatasi ndiyo ushahidi pekee kwamba ulinunua kitu gani, wapi, siku gani na kwa bei gani. Ukiikubali ya 150,000, umesaini mwenyewe kwamba umepoteza laki saba. Kingine ambacho wengi hawajui, sheria ya kodi inambana hata mnunuzi asiyedai risiti, faini inaweza kukuangukia na wewe. Kwa hiyo unapunguziwa elfu thelathini, unauza haki yako yote.

Halafu kuna kile kibandiko chao kipenzi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kimebandikwa kila ukuta kama vile ni aya ya Katiba. Kibandiko hicho kinaweza kumfaa muuzaji dhidi ya mtu aliyenunua simu nyekundu, akafika nyumbani akaona bora angechukua nyeusi. Huyo kweli kabadili mawazo. Lakini mtu aliyeambiwa kioo ni cha kwake na kumbe kimebadilishwa, huyo hajabadili mawazo, kadanganywa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ndani yake kuna kinga ya mlaji, kumpotosha mteja kuhusu bidhaa ni kosa. Ipo pia Tume ya Ushindani, wengi wanaijua kama FCC, kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya aina hiyo. Karatasi ya kuprinti stationery ya jirani haiwezi kufuta sheria ya nchi.

Wanaodhani suluhisho ni kukimbilia maduka ya kioo yenye kiyoyozi kule kwenye mall nao wasijidanganye sana. Kule hakuna wa kukuvuta mkono, ni kweli. Kule unapuuzwa! Unaingia na kandambili zako, dada wa kaunta anakuangalia kuanzia miguuni, anarudi TikTok. Ukiuliza bei ya TV unaulizwa "Unanunua au unaulizia?" Sasa mtu atanunuaje bila kuulizia? Akiingia mzungu au mtu mwenye funguo ya gari mkononi, wote wanasimama. Kosa ni lilelile la Kariakoo, limevaa tai tu. Pale Kariakoo unaonekana pochi inayotembea, kule unaonekana huna pochi. Sehemu zote mbili hakuna anayekuona kama mteja.

Na mastaa nao wasikae pembeni wanajifuta. Lile duka alilopigwa dada wa Sinza lilitangazwa na staa mmoja wa Bongo Movie mwenye wafuasi kibao. Kavaa miwani, kashika maboksi mawili ya simu, kaandika "Duka la uhakika, waambieni nimewatuma mimi." Dada alipopigwa akaenda kukomenti kwa adabu kabisa: "Dada yangu, hawa watu wameniuzia simu mbovu, naomba unisaidie kuongea nao." Komenti ikafutwa. Akakomenti tena, akablokiwa. Staa kalipwa kwa jina lake, na jina lake ndilo lililomtoa yule dada Sinza. Kama hukukagua duka, usiseme la uhakika. Sema umelipwa kutangaza, watu wajue. Ukikataa kusikiliza mashabiki waliopigwa kwa sababu yako, basi na wewe ni winga, tofauti ni kwamba wewe una kiki.

Mwisho wa yote, dada wa watu alikwenda kwa fundi wa mtaani. Fundi kafungua simu dakika kumi, kamwambia kioo si original na betri imechezewa ili isome mia. Kutengeneza, 180,000. Akakopa. Kwa mwezi mzima kazi zake alikuwa anapiga picha kwa simu ya kuazima, na msimu wa harusi ndiyo ulikuwa umepamba moto.

Sasa kwa wanaopanga kwenda wikiendi hii, haya yasiwapite:

Kwanza, piga *#06#, zile namba za IMEI zinazokuja zilinganishe na za kwenye boksi, kisha zitume kwenda 15090. Utajibiwa hiyo ni simu ya aina gani. Simu mkononi inajiita hivi, ujumbe unasema vingine, rudisha hapohapo. Msisahau Juni 2016 TCRA ilizima simu feki, watu waliamka wameshika vipande vya plastiki.

Pili, 15090 haiwezi kukuambia kioo kimebadilishwa. Kwa iPhone kuanzia 11 kwenda juu yenye mfumo wa karibuni, ingia Settings, General, halafu About. Kioo au betri ikiwa imebadilishwa, mara nyingi inaonyesha pale. Na hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye simu wa zamani imetoka, la sivyo utanunua kioo cha kujiangalia.

Tatu, uliza bei kwa mwenye kaunta mwenyewe, siyo kwa aliyekuleta. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa hela mfukoni. Ukiambiwa "ofa inaisha sasa hivi," muache iishe. Kesho itakuwepo tu.

Nne, waranti iandikwe. Miezi mingapi, inahusu nini, jina la duka, muhuri. Waranti ya mdomo inaisha ukivuka barabara.

Tano, risiti ya EFD yenye bei kamili uliyolipa. Akikataa, ondoka. Hapo amekuambia mapema kabisa kwamba ukirudi hakujui.

Yote haya ni kazi ya ziada, na kusema ukweli haikupaswa kuwa ya mteja. Mtu aende kununua simu kama anaenda vitani? Lakini maduka haya hayatabadilika kwa kulaaniwa. Yatabadilika siku wateja wakianza kuondoka bila aibu. Anayekuambia "kama huna hela si useme," mwambie "hela ninayo, ndiyo maana siiachi hapa." Halafu geuka, nenda duka la jirani lenye bei ukutani na risiti mezani. Yapo. Hayapigi kelele ndiyo maana hayaonekani.

Na wale wa kucheka wenzao waliopigwa... zamu yenu inakuja, Kariakoo haina mwenyewe.

Je, wewe ulishapigwa na winga, au ulipata winga mwaminifu? Na yule staa, arudishe hela ya tangazo au aachwe? Tiririka hapo chini, bila matusi.