Tahadhari: Aliyekufungia Kamera Huenda Bado Anaona

Kama una kamera ya ulinzi nyumbani, dukani, kwenye kibanda cha uwakala, zahanati au nyumba ya wageni, na picha zake unazitazama kwa simu, fanya jambo moja leo kabla hujalala: hakiki ni nani mwingine anayezitazama. Usijiaminishe kwamba ni wewe peke yako. Kamera nyingi mitaani kwetu huwashwa kwa simu ya fundi. Yeye ndiye anayefungua akaunti, anaweka nywila anayoijua yeye, kisha anamshirikisha mwenye mali ili naye aone. Hela inalipwa, ngazi inabebwa, fundi anaaga. Picha inaonekana vizuri, na mwenye duka analala usingizi. Kumbe akaunti kuu, ile yenye uwezo wa kuongeza mtazamaji, kumwondoa na kufuta rekodi, imeondoka na fundi.

Hili halisemwi ili mafundi wote waonekane wezi. Wengi ni waaminifu, na mara nyingi mteja ndiye anayewaambia, "Wewe weka tu, ilimradi nione." Lakini hata fundi mwaminifu huibiwa simu, huiuza, au humwachia kijana wake wa kazi. Na fundi aliyezoea nywila moja huiweka kwa kila mteja. Anayeijua ya duka moja ameshazijua za mtaa mzima.

Yaliyokwisha kuwapata wengine

Katika eneo la Dallas, Marekani, fundi wa kampuni ya ulinzi ya ADT alikuwa akiongeza anwani yake ya barua pepe kwenye akaunti za wateja aliowafungia kamera. Baadhi yao aliwaambia ni kwa ajili ya majaribio ya muda. Kwa zaidi ya miaka minne aliingia kwenye akaunti zipatazo 200, zaidi ya mara 9,600, akiwachungulia watu ndani ya nyumba zao. Hakuhitaji kuvunja kitu wala kuwa mdukuzi, kwa kuwa anwani yake ilikuwa imeorodheshwa pamoja na za wenye nyumba. Alikiri kosa mahakamani Januari 2021, na Juni mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miezi 52. Kilichomfichua ni mteja kuona kwenye akaunti yake anwani asiyoitambua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wasio na fundi wa kumshuku nao hawajasalimika. Mwishoni mwa Novemba 2025, polisi wa Korea Kusini walitangaza kuwakamata watu wanne wakiwatuhumu kuingilia kamera zaidi ya 120,000 za majumbani na sehemu za biashara, ikiwamo kliniki ya magonjwa ya wanawake. Kwa mujibu wa polisi, sehemu ya picha hizo iliuzwa kwenye tovuti ya ngono ya nje ya nchi, na miongoni mwa vilivyowarahisishia kazi watuhumiwa ni nywila nyepesi.

Tena kamera iliyoingiliwa mara nyingi haitoi dalili. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka kwenye intaneti kikijaribu majina na nywila za kiwandani, mfano "admin" na "admin", katika orodha ya jozi kama 60 hivi. Kilikusanya kamera na mashine za kurekodi kwa malaki, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo baadhi zikaelekezwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikiziongoza simu na kompyuta kufika kwenye tovuti, hata Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua lolote. Kwao picha iliendelea kuonekana kama kawaida.

Wakala wa fedha ndiye wa kwanza kushtuka

Angalia kamera ilipofungwa kwenye kibanda cha uwakala. Mara nyingi imewekwa juu ya kichwa cha muuzaji, ikitazama chini, kwa sababu bosi anataka kuona droo na mkono wa kijana wake. Pembe hiyohiyo inaona simu ya uwakala, kidole cha wakala kikibonyeza namba ya siri, simu ya mteja anayetoa hela, na lile daftari lililofunguliwa kaunta: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mtu aliye mbali, mwenye nywila ya kamera hiyo, hana haja ya kupiga simu za kitapeli kukuomba namba ya siri. Anaisoma.

Usiseme picha haitafika ubora huo. Viwango vya kamera za ulinzi vinavyotumika Ulaya vinahesabu kwamba pikseli 250 kwa kila mita zinatosha kumtambua mtu usiyemjua. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Ikitazama kaunta ya mita 2, inatoa pikseli 960 kwa kila mita, karibu mara nne ya zinazotakiwa kutambua sura. Vidole na tarakimu vitajificha wapi?

Jipime mwenyewe. Mwambie mtu asimame kaunta, abonyeze namba ya uongo kwenye simu, huku wewe hutazami. Kisha rudisha rekodi nyuma, vuta picha karibu, na ujaribu kuisoma namba hiyo. Ukiweza wewe, yeyote mwenye nywila anaweza. Isogeze kamera leo: ikamate uso wa anayeingia na ukingo wa kaunta, si vitufe vya simu. Mashine nyingi za kurekodi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa mraba mweusi. Itumie pale lilipo daftari.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

Kwanza, fungua programu ya kamera kwenye simu yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kushirikisha. Ikiwa kamera imeandikwa kuwa wewe umeshirikishwa, basi si yako: akaunti kuu iko kwa mtu mwingine, kwa kawaida fundi. Mtafute aiachie. Ikiwa ni yako, soma orodha ya wote uliowashirikisha. Kwenye mashine ya kurekodi, chomeka kipanya, ingia kwenye menyu ya mfumo na ufungue orodha ya watumiaji.

Pili, ukikuta jina au namba usiyoijua, usikimbilie kufuta. Piga picha orodha hiyo kwa simu nyingine, jina na tarehe vionekane, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Ukishapiga, mwondoe. Mwondoe pia mfanyakazi aliyeacha kazi na ile simu yako uliyokwisha kuiuza.

Tatu, badilisha nywila zote kwa mkupuo: ya mashine ya kurekodi, ya akaunti kwenye programu, ya kamera yenyewe kama inajitegemea, na ya Wi-Fi. Zisifanane, na kila moja iwe na herufi na tarakimu zisizopungua 12. Jina la duka, namba ya simu na mwaka wa kuzaliwa havifai. Kama programu ina uhakiki wa hatua mbili, uwashe. Kamera nyingi zina stika yenye msimbo wa QR na msimbo wa uhakiki. Fundi alipokuwa akifunga huenda aliipiga picha, kwa hiyo msimbo huo nao ubadilishe pale mipangilio inaporuhusu. Andika haya yote kwenye karatasi uifungie nyumbani, usiibandike juu ya mashine.

Nne, mwambie anayeijua rauta yako azime UPnP, ile inayofungua poti yenyewe, na afunge poti zote zilizofunguliwa kwa ajili ya kamera. Zamani mafundi walifungua poti ili mteja aone picha akiwa safarini. Programu za sasa hazihitaji hilo. Poti iliyoachwa wazi inaiweka mashine yako mbele ya dunia nzima, na kuna mitambo inayozunguka usiku na mchana kutafuta mashine za namna hiyo.

Tano, sasisha programu ya ndani ya kamera na mashine. Nywila ngumu haitoshi peke yake. Septemba 2021 Hikvision, moja ya kampuni kubwa kabisa za kamera duniani, ilitangaza tundu katika bidhaa zake kadhaa lililomwezesha mtu kuitawala kamera bila kuwa na nywila yoyote. Kiraka kilitolewa, lakini hakijipachiki chenyewe kwenye kamera iliyosahauliwa ukutani. Kama kifaa chako ni cha zamani na kiwanda hakitoi tena masasisho, kitoe kwenye intaneti. Kitaendelea kurekodi kwenye diski yake bila shida, ila utalazimika kufika dukani kutazama.

Sita, iondoe kabisa kamera inayotazama kitanda, bafu, chumba cha kubadilishia nguo au chumba cha kumpimia mgonjwa. Kuifunika kwa kitambaa hakutoshi, kwa sababu nyingi zinanasa sauti pia.

Na kama fundi hapatikani, au anakuzungusha? Kuirudisha mashine kwenye hali ya kiwandani kunasaidia, lakini kwa chapa nyingi hakuifuti ile akaunti kuu iliyosajiliwa kwenye seva za kampuni. Itabidi mwenye akaunti aiachie, au uiombe kampuni iifute ukiwa na namba ya kifaa na uthibitisho wa ununuzi. Ndiyo maana risiti ya mashine ya kodi (EFD) usiitupe. Wakati unasubiri, chomoa waya wa intaneti.

Kama bado hujanunua

Chagua kifaa kinachokulazimisha kutunga nywila yako mara ya kwanza kinapowashwa. Uingereza imepiga marufuku tangu 29 Aprili 2024 kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nywila moja ya kiwandani kwa wote. Kwetu, kipimo ni rahisi: ukiona kijitabu cha ndani ya boksi kimechapisha nywila, jua kila aliyenunua boksi kama hilo anayo. Rudisha.

Kwa duka, kamera za waya zenye mashine ya kurekodi ni salama kuliko za Wi-Fi tupu, maana mwizi mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi huzikata za Wi-Fi bila kugusa kitu. Mashine yenyewe ifungie mbali na kaunta, la sivyo mwizi ataondoka nayo pamoja na sura yake. Kamera moja ya megapikseli 2 inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne kwenye diski ya terabaiti 1 zitakutunzia siku 11 tu, ndipo za mwanzo zifutike. Ukigundua wizi baada ya wiki mbili umechelewa. Hakiki na saa: vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye saa za China, saa 5 mbele yetu. Wizi wa saa 2 usiku utaonekana umetokea saa 7 usiku, na wakili wa mshtakiwa hataacha hilo lipite.

Sheria nayo inakutazama

Picha ya mtu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Weka tangazo mlangoni kwamba kuna kamera, na usirushe vipande vya rekodi kwenye makundi ya WhatsApp kwa kuchekesha wala kwa kumwaibisha mtu. Nairobi, mwaka 2023, ukumbi mmoja wa starehe ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Rekodi ya mwizi ipeleke polisi. Na aliyeingia kwenye kamera yako bila ruhusa ametenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania, au sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 kwa Kenya. Kamripoti, ukiwa na ile picha ya orodha ya watumiaji.

Waeleze na wenzako wa mtaani, hasa waliofungiwa na fundi mmoja na wewe, kwa sababu lililo kwako huenda liko kwao. Na kwa kazi mpya yoyote, bakiza sehemu ya malipo mpaka makabidhiano. Sema kwa upole tu: "Fundi, asante kwa kazi. Kabla sijakumalizia, tuisajili kamera kwenye simu yangu, niweke nywila yangu mwenyewe, na uniondolee ya kwako hapa nikiona." Fundi mzuri atamaliza hayo kwa dakika chache. Anayesema haiwezekani, au kwamba lazima abaki nayo ili akuhudumie, usimmalizie hela yake.