Mteja akikuponda, kwanza jua anaponda nini



Mimi nauza viatu mtandaoni, na pembeni naandika matangazo ya maduka ya watu: kapsheni, maelezo ya bidhaa, meseji za kutuma WhatsApp. Nimeishia kidato cha nne, kazi hii nimejifunzia humu humu kwenye simu. Kwa hiyo napondwa pande zote mbili, na nina msimamo wangu.

Tumezoea kuambiwa "mteja ni mfalme", ukipondwa omba radhi yaishe. Sikubaliani. Ukisema "samahani boss" kabla hujajua tatizo ni nini, hujarekebisha chochote, na mteja analiona hilo. Sikiliza kwanza anaponda nini. Kuna aina tatu.

1. Anaponda kazi. Mwenye duka moja la mashuka aliniambia tangazo "limepooza". Neno hilo peke yake halifanyiwi kazi, nikamuuliza: "Dada, ulitaka mtu akisoma ajue nini kwanza?" Kumbe kila anayemtafuta anaanza na swali la "ni tano kwa sita au sita kwa sita?" Alitaka vipimo viwe mstari wa kwanza. Wateja wake anawajua yeye, siyo mimi. Dakika kumi tu, kazi imeisha. Kwa hiyo uliza swali, usijitetee.

2. Anaponda makubaliano. "Mbona hujaniwekea na picha?" "Rudia tena." Mara ya tano hiyo. Hapa uandishi wako hauna shida, shida ni kwamba hamkuandikiana. Kabla hujaanza, tuma meseji moja: matangazo mangapi, lini, bei gani, kurekebisha bure mara ngapi. Mimi ni mara 2, ya 3 inalipiwa, na nusu ya hela inatangulia. Akilalamika, mrudishie meseji ile ile kwa heshima.

3. Anataka udanganye. Anakwambia "andika ni orijino", na wewe unaona kabisa ni kopi. Ukikataa anakuambia hujui biashara. Hapo usitetereke. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani (FCC) hukamata bidhaa bandia. Hata bila sheria, mnunuzi akifungua mzigo na kukuta siyo, hasira zinaishia kwenye komenti. Hela ya hivyo iache ipite.

Matusi siyo maoni, hayo hayamo kwenye hesabu. Akikutukana kwenye posti, jibu mara moja tu kwa adabu, "tuongee inboksi", halafu usiongeze neno. Wanaosoma ndio wateja wako wa kesho.

Sasa suala la kupanda na kushuka. Januari simu inakuwa kimya, na ukimya ule unafanya maneno ya mteja wa Novemba yaanze kusikika kama kweli: "Labda kweli sijui kazi." Namjua dada wa vitenge aliyefunga ukurasa wake hivyo hivyo, kwa komenti mbili na mwezi mmoja mbovu. Jamani, Januari hela ya watu iko kwenye ada, madaftari na sare. Hajakukimbia mtu. Nguo na viatu vinatembea kuelekea Idi na mwezi Desemba. Na kumbuka Idi inawahi kwa siku kama 11 kila mwaka, usipange mzigo kwa tarehe za mwaka jana.

Kwa hiyo mwezi wa neema, toa kwanza kodi ya fremu na hela ya bando ya mwezi wa ukame, weka pembeni, usiguse. Nasema hivi kwa sababu moja: mwenye kodi ya mwezi ujao mkononi anaweza kumsikiliza mteja wa kwanza kwa utulivu, kumwonyesha wa pili makubaliano, na kumkatalia wa tatu. Mwenye njaa anawakubalia wote watatu, halafu anajichukia.

Mwezi mmoja mbaya haukupimi uwezo wako, na komenti moja pia haikupimi.

Mteja wako wa mwisho kukuponda alikuwa wa ngapi hapo juu? Tupia hapo chini, tujifunze wote.