Mkunazi usikatwe kwa sababu ya miiba

Mkulima anayefyeka shamba jipya pembezoni mwa Mpanda huanza na mti unaomchoma. Mkunazi wa porini haumpi mtu nafasi ya kuuzoea: miiba yake hukaa miwilimiwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoana. Ukikwepa wa kwanza, wa pili unashika shati.

Kisha, msimu huohuo, mkulima yuleyule huenda porini kukata matawi ya miiba ya kuzungushia zizi. Matawi hukauka, mchwa huyala, na mwaka unaofuata panga hurudi kazini. Hapo ndipo pana hasara, tena katika mkoa wa Katavi ambao tayari misitu yake ya miombo inapungua kwa mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku.

Waingereza wa karne ya 18 na 19 walizungushia mashamba yao kijiti chenye miiba, Crataegus monogyna, kikawa ua hai. Katavi haihitaji kuagiza mbegu Ulaya: mkunazi wake unaweza kuwa ua hai wa zizi. Mkunazi ukikatwa huchipua tena, mbuzi hula majani yake, watoto huokota kunazi.

Kasoro yake ni kokwa gumu. Lipasuliwe kwa uangalifu kabla ya kupandwa ili liote mapema.

Maofisa ugani wa Katavi waanze kupanda ua wa mkunazi kwenye zizi moja kila kijiji, mvua za Novemba zikianza.