Manta Analipa, Lakini Wasee wa Machakos Hatujui Kuogelea

Mwisho wa 2025 nchi za CITES zilikutana Samarkand zikapiga marufuku biashara ya kimataifa ya manta, yule taa mkubwa mwenye mabawa hadi mita 7. Mashavu yake yanauzwa Asia kama dawa, na jike huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka. (Hana mwiba wa kudunga, so tulia.)

Unajiuliza Machakos inaingiaje hapo? Doo. Utafiti wa 2013 ulipiga hesabu kwamba watalii wa kuona manta wanaleta karibu dola milioni 140 kwa mwaka duniani. Tofo, pale Msumbiji, wanajulikana juu ya hao samaki. Kwetu Diani na Watamu watu wanapiga mbizi na mtungi, na siku ya bahati manta anapita.

Sasa noma iko hapa. Cheti cha kwanza cha PADI kinataka uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Hesabu mabeshte wako wanaotoboa. Huku maji ni dam, na matha akisikia uliingia, utachapwa. Hata simlaumu, dam zimemeza watoto wengi. Swimming pool nayo ni ya hoteli na shule za wadosi. So msee wa Machakos anasomea utalii, anadandia treni Athi River, anafika Pwani na hawezi kuingia majini.

Bajeti ya kaunti ikirudi kwa wananchi, uliza MCA wako bwawa la umma liko wapi.